Dirisha Lililozibwa

Tabora, Jumanne, baada ya mvua

Chokaa bado inanuka mikononi, nami bado natembea ndani ya ile nyumba ya kwenye picha. Ghorofa tatu, dohani za moshi nyingi kama miti ya miombo. Siku hizi naiota hata nikiwa macho.

Bwana Shauri, huyu Mwingereza mkuu wa wilaya anayetutoza kodi, ndiye aliyenipa picha. Ni nyumba ya babu zake huko Uingereza, akataka nimjengee ndogo ya kufanana nayo. Nikaifuata tofali kwa tofali. Dirisha moja pichani limezibwa, basi na mimi nikaziba la kwangu.

Leo ameliona. Alicheka hadi akakaa juu ya mchanga.

"Fundi, babu aliliziba makusudi! Zamani serikali yetu ilitoza kodi kwa kila dirisha."

"Nilizibue, Bwana?"

"Liache. Mzee alikuwa mjanja."

Mjanja! Neno hilo nalirudia moyoni tangu mchana. Kodi ya nyumba ilipoletwa kwetu, baba alibomoa kibanda cha bibi ili tuhesabiwe nyumba moja tu. Bibi akalala jikoni, kwenye moshi, hadi alipokufa. Bwana Shauri wa wakati ule alimwita baba mwizi.

Nilijibu, "Ndiyo, Bwana," nikaendelea kupiga lipu.

Alhamisi Bwana Shauri anakwenda Bukene kuhesabu nyumba za kutozwa kodi.

Nikifumba macho naiona tena ile nyumba kubwa, vyumba vyake vyote vitupu. Nyuma ya dirisha lililozibwa amekaa bibi yangu, anapunga moshi kwa upande wa kanga.