Mama Kakubali Asali Yake Ina Maji

Zuwena, mama wamemkataa! Ndoo zote nne za asali, kutoka Igalula mpaka mjini!

Mimi nilikuwa nje nashusha ndoo. Ndani, mnunuzi kamwamkia mama vizuri, kwa Kiswahili. Kaonja asali, kisha kauliza, "Is it diluted?"

Diluted! Mama wa watu akadhani anasifiwa. Akatabasamu: "Yes, yes!"

Yes, Zuwena. Mbele ya wauzaji wenzake.

Wakamfuta kwenye orodha. Nilipomwambia maana yake ni kutiwa maji, akarudi mbio: "Baba, asali yangu haijaguswa na maji!"

Akajibiwa, "Mama, umekiri mwenyewe."

Sasa yuko jikoni. Kafungua ndoo, anaonja na kuonja, ananiuliza kama kweli ni nyepesi.