Korneti ya Mazishi ya Baba

Skelbrough, Yorkshire
Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Dada yangu Ratidzo,

Shikamoo. Sijui nikuamkie nikiwa nimesimama au nimepiga magoti, maana ujumbe wako wa wiki jana niliusoma ndani ya basi nikapitiliza kituo. Hujambo lakini? Goti lako je, bado linakusumbua ukipanda zile ngazi za hospitali? Shemeji na watoto hawajambo? Mimi ni mzima wa mwili. Mvua inanyesha, ila hiyo si habari, huku mvua ikiacha ndipo watu hupigiana simu.

Umenisema, na mengi uliyosema ni haki yangu. Umesema naosha wazee wa wenzangu huku wa kwetu unamwosha peke yako. Umesema Baba anakwisha na mimi nimekaa napuliza matarumbeta na vikongwe vya Kizungu. Umesema kama siji sasa basi nisije kabisa. Hilo la mwisho naomba ulifute, dada yangu. Mengine yaache kama yalivyo. Nimeamua kukuandikia kwenye karatasi kwa sababu kwenye simu tunagombana kabla sijafika nusu ya maneno.

Pasipoti yangu wanayo watu wa ofisi ya vibali. Niliomba kuongezewa kibali mwaka jana, na mpaka leo hawajajibu. Nikitoka nje ya nchi kabla hawajajibu, wanahesabu kwamba nimeacha kuomba, na mlango unafungwa nyuma yangu. Kazi yangu ya nyumba ya wazee inapotea, na dawa za Baba unajua zinatoka wapi. Kwa hiyo nikija kumwona nitamwona mara moja, kisha tutakaa wote tukimtazama. Nisipokuja, ndiyo hivyo unavyoniita. Nimelipindua jambo hili kila upande na sijaona upande wenye afadhali.

Usidhani nimesahau. Siku Baba alipostaafu uongozi wa bendi ya Jeshi la Wokovu, alitukalisha sote pale sebuleni Gweru, akasema siku akifa hataki kwaya wala spika za kukodi. Anataka korneti moja tu, lile tarumbeta dogo, kando ya kaburi, na wa kuipiga ni mimi. Wewe ulimchokoza, ukamwuliza itakuwaje kama mimi nikitangulia. Akasema basi hatazikwa. Tulicheka mpaka Mama akaja kutuuliza tumekula nini. Neno hilo nalala nalo na kuamka nalo.

Sasa nikueleze hao vikongwe, maana unawaonea.

Nilipofika nchi hii nilijaribu kwanza kupiga mjini Leeds, kwenye kundi la muziki wa Kiafrika. Mwenye kundi alikuwa Mwingereza wa kuvaa makubazi hata wakati wa theluji. Aliniletea shati la madoa ya chui, akaniomba nipige kitu cha asili ya kwetu. Nikampigia wimbo wa maandamano wa Jumapili, ule tuliokuwa tunaupiga tukizunguka mtaa na ngoma kubwa mbele. Alinitazama kama nimemuuzia nyama ya juzi. Akasema huo ni wa kwao. Nikamwambia mimi nimezaliwa nao, na Baba pia, asili yetu nyingine ya kupuliza hatuna. Tukaelewana kwamba hatuelewani. Wasikilizaji nao walikuwa wakinishika mkono wakisema wamesikia joto la Afrika, mimi mtu wa Gweru ambako mwezi wa sita tunatembea na masweta. Nikamrudishia shati lake.

Kisha siku moja nilikuwa namsukuma mzee Derek Sugden kwenye kiti chake cha magurudumu, yeye ni mmoja wa wazee wangu kazini, tukapita karibu na ukumbi wa bendi. Nikasimama. Dada, ilikuwa sauti ya nyumbani kabisa, shaba tupu, besi chini na korneti juu. Derek alikuwa mpigaji wao zamani, kabla mikono haijaanza kutetemeka. Akaniambia ingia tu kijana, hawaumi hao, wengi hawana meno.

Katibu wao ni mama mmoja anaitwa Maureen Ackroyd, mfupi, mwenye sauti ya kuita watoto ng'ambo ya bonde. Alinipa korneti akaniita mpenzi. Usishtuke, huku hata muuza samaki ananiita mpenzi. Anayeongoza ni Keith Barraclough, fundi bomba, anakuja mazoezini na ovaroli lake na ananuka mabomba. Wakaniambia nipige chochote. Nikapiga ule wimbo wa Baba wa jioni. Nilipomaliza hakuna aliyetikisika, na Keith akafungua karatasi zake akasema si mbaya. Nilirudi nyumbani nimenyong'onyea. Ni baadaye ndipo Derek alinieleza kwamba Keith alisema si mbaya hata siku ya harusi yake, na mkewe mpaka leo anajivunia.

Ndivyo walivyo watu hawa na muziki wao. Wanapiga nyimbo za kanisani mpaka nywele zinakusimama, halafu hakuna hata mmoja anayekwenda kanisani, mazoezi yakiisha wanavuka barabara kuingia baa. Baba angewafukuza wote kabla ya ubeti wa pili. Wanapiga wimbo wa furaha wamekaa kama watu wanaosubiri daktari, hata kidole cha mguu hakigongi sakafu. Mara moja nilimwona mzee mmoja mbele yetu machozi yanamchuruzika, nikaenda kumwuliza kama yuko salama, akanijibu kwa ukali kidogo kwamba ni mafua. Mgodi wa makaa wa hapa ulifungwa zamani, vijana wakaondoka, viti vya bendi vikabaki wazi. Mimi wakanikalisha kiti cha kwanza cha korneti, na hakuna aliyeniuliza nimetoka wapi ila kunitania kuhusu mpira. Kazini naitwa nikihitajika kugeuza mtu kitandani. Pale nilikuwa nasubiriwa.

Uliponiambia Baba haamki tena kitandani, nilimweleza Maureen wakati wa chai. Nilitaka tu ruhusa ya kukosa mazoezi. Kufikia baa walikuwa wamejua wote, na wamekasirika kwa niaba yangu kuliko nilivyowahi kukasirika mwenyewe. Keith alisema mtu kumzuilia mwenzake asimwone babake ni jambo ambalo hata mbwa hafanyiwi. Tangu hapo kila Jumatatu Maureen alikuwa anaipigia ile ofisi, simu anaiweka mezani katikati ya vikombe ili sote tusikie. Wanakuwekea muziki wa kusubiria, ule ule, unazunguka na kuzunguka. Keith akasema mpiga tarumbeta wao yuko chini ya sauti. Jamaa wa besi akachukua tuba lake, lile tarumbeta kubwa kuliko yote, akaanza kuwasaidia. Ukumbi ukaangua kicheko na mimi nikacheka nao, unisamehe, kuna wakati hakuna kingine cha kufanya. Kisha sauti ya msichana ikaja, ikasema ombi langu liko kwenye foleni.

Hapo ndipo walipopata wazo lao. Huku bendi hushindana kila mwaka, na jaji hufungiwa ndani ya kibanda cha mapazia katikati ya ukumbi asione nani anapiga. Anasikia tu. Keith akasema tukishinda shindano la mkoa, mbunge atakuja kupiga picha, magazeti yataandika, na ofisi itaona haya kumkalia mpiga korneti wa bendi bingwa. Walizungumza jambo hilo kwa uzito, watu wazima wenye wajukuu. Na mimi niliamini, Dada. Ningeachaje kuamini? Ni nchi yao, nilifikiri wanajua milango yake. Ndiyo maana ukinipigia jioni nilikuwa sipokei. Sikuwa nastarehe. Nilikuwa napiga korneti nikidhani ndiyo nauli ya kuja kwa Baba.

Tukaenda, tukapiga, na katikati kulikuwa na kipande changu peke yangu. Nilifumba macho nikampigia Baba. Tukawa wa kwanza. Jaji aliandika kwamba korneti ile ni ya mtu aliyekunywa maji ya milima hii tangu utotoni. Maureen aliyasoma hayo kwa sauti ndani ya basi la kurudi, basi zima likalipuka kwa vicheko, na jamaa wa besi akasema huyo jaji ahamishiwe ofisi ya vibali kesho asubuhi. Mbunge kweli alikuja. Alisimama nami akiwa ameshika korneti yangu mdomo chini, akatabasamu, akaniambia niliache jambo hilo kwake.

Jibu lilikuja mwezi uliopita, kwa kupitia kwake. Ombi litashughulikiwa kwa zamu yake kama maombi mengine. Basi, hayo tu. Maureen alitusomea amesimama, koti hajavua, halafu akakaa kwenye kiti kisicho chake. Akasema yeye alidhani ukiwa na haki na ukaomba kwa adabu unapewa. Akasema amelipa kodi maisha yake yote, sijui nimpigie nani tena mpenzi, sina mtu mwingine ninayemjua. Keith akatuambia tufungue ule wimbo wa maandamano. Tuliupiga vibaya sana. Wakati wa chai mimi ndiye niliyemtengenezea Maureen kikombe, nikawa nambembeleza yeye.

Kwa hiyo ukiniuliza naja lini, sina jibu. Ningekuwa nalo ningekuambia hata kama ni baya. Hawa niliodhani wana nguvu hawana, na mimi chini yao sina kabisa. Nimechoka, dada yangu. Naamka, naosha wazee, natazama kisanduku cha barua, nalala.

Sasa kuna jambo hulijui, na ndilo lililonifanya nikae chini kuandika.

Alhamisi ulipokwenda kuchukua dawa, Mai Rufaro jirani alibaki na Baba. Nilipiga simu nikikutafuta wewe, akapokea yeye. Akaniambia mzee tangu asubuhi anaulizia bendi, eti mbona leo hawafanyi mazoezi. Nikamwomba amwekee simu sikioni. Nikachukua korneti nikapiga ule wimbo wake wa jioni, wote, taratibu, kama alivyonifundisha. Nilipomaliza nikarudisha simu sikioni. Kisha nikamsikia Baba, si kile kisauti cha siku hizi, ile sauti yake ya zamani ya kiongozi wa bendi, anauliza nani huyo anayepiga. Mai Rufaro akamwambia ni Tapfuma, mwanao. Akamkatalia. Akasema Tapfuma yuko safarini.

Halafu akasema na mimi mwenyewe. Akaniambia kijana, unapiga vizuri, pumzi unaivuta mapema kidogo mstari wa tatu, lakini vizuri. Akaniuliza nimefundishwa na nani. Nikamwambia na baba yangu. Akasema huyo baba yako anajua kazi.

Nadhani alikuwa anatafuta namna ya kunieleza bila kuniumiza. Akasema ananiomba radhi, maana anaona nimetoka mbali kuja kuomba nafasi, lakini kazi ya mazishi yake hawezi kunipa. Ina mwenyewe. Mwanangu yuko njiani anakuja, akasema, na nilishamwahidi.

Sikumwambia ni mimi. Tangu Alhamisi najiuliza kwa nini, na sababu ni moja tu, ningesema ni mimi angeniuliza nimefika wapi. Nilimjibu sawa, mzee, yeye akifika nitampisha. Akanishukuru. Akasema nina adabu.

Usimwambie tofauti, Dada, nakuomba. Na siku ikifika kabla pasipoti haijafika, mwombe Kapteni wa Jeshi la Wokovu atafute mpigaji mwingine, awe mtu mzuri, wala usimwonee haya kumwambia asivute pumzi mapema pale mstari wa tatu.

Nisalimie shemeji na watoto. Mai Rufaro mshukuru kwa kunishikia simu, mkono lazima ulimuuma. Maureen anakusalimu bila kukujua, amemfumia Baba soksi za sufu, nitazituma na mtu wa kwanza atakayesafiri. Goti lako likande kwa maji ya moto, usilipuuze.

Ni mimi mdogo wako,
Tapfuma