Mara Kumi na Moja Mama Aliponisifu

Mshauri mpendwa, shikamoo. Nina miaka arobaini na moja, ni fundi cherehani, na nakuandikia huku daftari langu la kumbukumbu likiwa wazi mbele yangu, maana jambo ninaloomba unisaidie limo humo, tarehe kwa tarehe.

Nilipomaliza kidato cha nne niliingia chumba cha ushonaji cha mama, nikakalia cherehani ya pili, ile ya dirishani, na sijatoka mpaka leo. Ungekijua chumba kile zamani, mshauri, harufu ya kitambaa kipya kikipigwa pasi, vipande vya rangi zote sakafuni, redio ikiimba chini chini, na mama kainamia meza ya kukatia, pini tano sita kazibana midomoni, akikuelekeza kwa nyusi. Wateja walisema yule mama akikohoa ujue amekupa hotuba. Ukikosea alifumua mshono mbele ya mteja, ukipatia aliipokea nguo akaitundika, basi. Lakini mara mojamoja, usipotegemea, alisema neno, na mimi siku hiyo sikanyagi chini.

Nimeyahesabu maneno hayo, ni kumi na moja kwa miaka ishirini na mbili. Tarehe 9 Machi, mwaka wangu wa tatu, umeme umekatika, tumekaa mlangoni, akaniambia, "Ile kola ya jana, hata mimi nisingeilaza vile." Tarehe 17 Agosti mkanda wa cherehani yake ulikatika, akawa anamngoja fundi, akasema mkono wangu umekuwa mwepesi. Tarehe 2 Novemba mvua kubwa, hakuna mteja, akanimenyea chungwa akasema, "Wewe kazi hii haitakuaibisha." Kila mara, kesho yake niliongeza bidii, nikafumua na kushona upya hata mishono ya ndani isiyoonwa na mtu.

Tulikuwa na paka chini ya meza. Mama alimtupia kichwa cha samaki alipokumbuka, pengine mara mbili kwa wiki, pengine mwezi ukapita. Paka wa jirani alilishwa saa saba kila siku. Jirani alipohama akamwacha, paka huyo alirudi mlangoni pale siku tatu, akaona hakuna kitu, akaenda zake. Mama alipougua akaacha kabisa kumtupia wetu, paka alikaa miezi minne akiutazama mkono wake. Niliyaandika hayo bila kujua naandika habari zangu.

Sasa macho ya mama yamefifia, mwaka wa pili hashoni, anakaa kitini karibu na mlango, nami nashona peke yangu, kila nguo nikiimaliza nampelekea, anaipapasa, anairudisha. Chuo cha ufundi kimeniita nikafundishe ushonaji na wanataka jibu Ijumaa. Rafiki yangu wa huko husifu kila nikishikacho, mpaka sifa zake nazisikia kama mvumo wa feni tu. Nilipomwambia mama habari ya chuo alinyoosha mkono apewe nguo nyingine. Dada yangu anauliza nangoja nini. Nangoja mara ya kumi na mbili. Nikiondoka kabla haijaja nitakuwa kama sikuhitimu. Nifanyeje?

Fundi wa Dirishani

JIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi.

Hilo la paka ni kweli. Anayepewa kila siku, akinyimwa huondoka upesi. Anayepewa kwa bahati huzidi kungoja, maana hajui kama kukosa kwa leo ndio mwisho au ni kama kwa juzi tu. Ndiyo sababu sifa za rafiki hazikushiki, na za mama zimekufunga miaka yote hiyo. Pole. Si upungufu wako, viumbe ndivyo tulivyo.

Sasa nisikilize. Umeme umekatika. Mkanda umekatika. Mvua, hakuna mteja. Mama hakukusifu siku uliyoshona vizuri kuliko nyingine, alikusifu siku mdomo wake ulipokuwa hauna pini. Waliochunguza njiwa waliwahi kuwamwagia nafaka kwa kufuata saa tu, na njiwa kadhaa wakashika walichokuwa wakifanya nafaka ilipoanguka, huyu akizunguka, yule akitikisa kichwa, kana kwamba ndicho kilicholeta chakula. Wewe umekuwa ukifumua mishono. Nilicheka, kisha nikaacha kucheka.

Na miaka hii miwili, pini ziko midomoni mwa nani? Mama yuko kitini kutwa, hana wa kuzungumza naye, binti kainamia cherehani. Ukiinuka kumwendea ni kumpa nguo ya mtihani tu, tena mtu asiyeona vizuri. Hapo nakulaumu.

Alhamisi funga kazi. Keti naye mlangoni, mikono mitupu. Muulize nani alimfundisha, nguo yake ya kwanza ilikuwaje, nani alimsifu. Usidokeze unachokitaka. Likija neno, liandike. Lisipokuja, mtakuwa mmeshinda pamoja kutwa, na mlikuwa hamjafanya hivyo siku nyingi.

Ijumaa asubuhi nenda chuoni ukatie saini, neno liwe limekuja au halikuja. Kazi unaijua, wateja wa miaka ishirini na mbili si vipofu. Na huko darasani, mwanafunzi akipatia, mwambie siku hiyohiyo, kabla hajafika nyumbani kwao.