Gurudumu Juu ya Paa la Mabati

Jumatatu, 5 Februari 1912
Nimepiga randa hadi adhuhuri. Nikarudi kula, nikashindwa kukaa ndani. Mabati yanaunguza. Nilijisifu mtaa mzima kwamba mimi na paa la nyasi basi. Sasa Salimu, mwanangu mchanga, ametapakaa vipele vya joto na hanyonyi vizuri. Naumia.

Jumanne, 6 Februari
Nimeanza gurudumu la upepo. Mapanga nakata kwenye madebe ya mafuta ya taa. Shambani kwa Mjerumani niliona la kuvuta maji. Langu litavuta hewa: upepo uzungushe mapanga ya nje, ya ndani yatoe joto la darini kupitia tundu la paa. Litazunguka tu.

Alhamisi, 8 Februari
Limekwisha. Liko uani. Siwezi kulipandisha! Mama mkwe yumo ndani, anamlea mke wangu aliyejifungua, na kwa Waarusha mkwe hapandi juu ya kichwa cha mama wa mkewe. Wa kunipandia hakuna. Nani akate bati bila kunitobolea nyumba nzima? Nimemwomba mke wangu huyo, Nasieku, amsihi mama yake atoke kidogo. Mama hataki. Mzazi haachwi peke yake, wala hatolewi nje kabla siku zake za uzazi hazijaisha. Nimepiga debe teke. Mguu unauma.

Ijumaa, 9 Februari
Utosi wa mtoto umebonyea. Naogopa. Mama mkwe kavunja mwiko wake mwenyewe, kawachukua wote wawili kwake Sekei, nyumba ya nyasi. Nasieku alilia: "Baba Salimu, nisiporudi usinilaumu."
Walipokata kona tu, nikaegemeza ngazi.

Jumamosi, 10 Februari
Nimekata bati, nimefunga, nimepaka mhimili mafuta ya ng'ombe. Chini ya paa nimeacha matundu ya hewa baridi. Upepo hakuna. Nimelikodolea macho kama mjinga.
Alasiri likazunguka. Nikainua mkono darini, joto linapanda na kutoka. Nikacheka peke yangu. Salamu nimetuma Sekei, warudi.

Jumapili, 11 Februari
Sekei kimya. Nimeongeza panga moja. Siachi.

Jumatano, 14 Februari
Wamekuja adhuhuri, jua kali. Nikajitenga nyuma ya nyumba, kama inavyompasa mkwe. Wakakaa ndani muda mrefu. Kisha Nasieku akanifuata. Mtoto kanyonya, kalala.
"Mama anasema alikuachia paa makusudi. Ungezubaa, asingenirudisha."
Nikasema, "Asante, mama," nikiwa nje ya ukuta. Nilimsikia ndani akitandika mkeka wake.