Mama, Mzabibu Wako wa Nesitu Haujachipua

Kwako Mama, uliyemzaa mume wangu,

Naanza na swali, maana maswali yangu uliyazoea. Mmea ukilala kupita kiasi, mtu hujuaje kama bado uko usingizini? Hapa Gudele mvua ina wiki ya tatu. Vyungu vyako vyote vya barazani vimechipua, hata kile cha pembeni ulichosema hakina adabu. Mzabibu mwitu wa Nesitu peke yake ndio uko uchi, na mimi ndiye uliyeniachia niutunze. Nina hofu, Mama, na hofu yenyewe ina sababu.

Unaikumbuka siku tuliyoufuata kule Nesitu, nje ya Juba? Nilikuwa mgeni Juba, mwalimu kutoka Kitale mwenye viatu vya darasani, nimeolewa na Lado miezi miwili tu. Uliponiambia tunaenda kuchukua mti, nikabeba panga na kamba nikidhani ni habari ya kuni. Kumbe wewe umebeba kijiko, mswaki mkuukuu na gunia bichi! Kwanza tukakaa kwa mwenye shamba tukanywa chai mpaka akakubali. Halafu ukakataa kukanyaga popote nje ya njia ya mifugo, kwa sababu vita viliacha vitu ardhini. "Mbuzi napita, sisi napita," ulisema. "Mbuzi hapana pita, sisi hapana pita." Nikakufuata nyuma nikikanyaga palepale ulipokanyaga, jasho likinitoka.

Dereva mmoja wa lori, Mkenya mwenzangu, akatupigia kelele kutoka barabarani, "Mathe, mnachimba mihogo?" Ukamjibu kwamba ndiyo, lakini hii ni ya kuangalia tu. Haki nilicheka.

Kumbe mwaka uliotangulia ulishafika pale, ukakata mizizi ya upande mmoja, ukafukia, ukaenda zako, ili upande ule uote mizizi mipya kabla ya kuung'oa. Mwaka mzima kuusubiri mmea usiofika gotini! Nikakuuliza nani alikufundisha. Ukanieleza habari za Kampala, enzi za ukimbizi, nyumba ulimokuwa ukifua nguo, na mzee mwenye nyumba aliyekuwa na bonsai kumi, vile vimiti vya vyunguni, dirishani. Hakukufundisha hata neno moja. Ulimtazama tu, miaka minne, huku umeshika beseni.

Kabla ya kuung'oa ukachora mstari wa chaki kwenye shina, upande ulioelekea mawio, ili hata nyumbani uelekee hukohuko. Nikauliza, ina maana gani? "Wewe nikikuleta nyumba yangu, nakugeuza uso kwa ukuta?" Nadhani ni hapo nilipoanza kukupenda, ingawa sikuwahi kukuambia, na hilo linaniuma.

Sasa sikia kosa langu. Ulituacha kiangazi kilipoanza. Tuliporudi kutoka mazishini Kator, mzabibu ulikuwa unaangusha majani, kama ufanyavyo kila mwaka. Nilijua sheria yako: "Jani ikianguka, kalas, basi, hapana maji mpaka mvua." Nilijua, Mama! Lakini ule uchi wake sikuweza kuutazama. Kila jioni nikitoka shule niliumwagia kikombe kimoja, haraka haraka, Lado asinione. Nilijiambia kikombe kimoja hakiwezi kuua mtu.

Jumamosi moja, wiki mbili zilizopita, nikainama nikanusa udongo. Ulikuwa unanuka uchachu. Nikabonyeza shina chini, pale paliponenepa kama kiazi, kidole kikazama. Nikamwita Lado, nikamwambia yote bila kujitetea. Nilitegemea afoke. Akakaa juu ya ndoo, kisha akasema, "Malesh, si kitu. Na mimi pia."

Kila asubuhi, Mama. Kabla ya kwenda kazini, kikombe kimoja, mimi nikiwa bafuni. Mimi jioni, yeye asubuhi, kila mmoja akimficha mwenzake, tukauzamisha mmea wako kwa mapenzi. Tulicheka mpaka jirani akachungulia uani. Halafu Lado akalia, nami nikalia, na ndiyo mara ya kwanza tumelia pamoja tangu tulipokuzika. Kumbe hata machozi tulikuwa tunafichana.

Tulipomaliza nikachukua kisu. Nikakwaruza gome chini: kahawia. Nikapanda kidogo: kahawia. Juu kabisa, kwenye tawi moja la mwisho, nikakuta kijani, chembamba sana. Ili kuliokoa ilibidi kulikata, na kulikata ni kuliacha lile shina ulilolipinda kwa waya miaka tisa. Lado akashika shina. "Mkono ya Mama iko hapa," akasema, na mimi pia niliuona. Nikamwambia mkono upo, lakini uhai uko juu. Akaachia. Nikakata.

Kimebaki kipande kirefu kama kidole changu cha kati. Tukakianika kivulini siku tano mpaka kidonda kikakauka, kisha tukakisimika kwenye mchanga ndani ya kopo la maziwa. Naona haya kukuambia hivyo, Mama. Ulituachia kitu kizima, sisi tumebaki na kijiti. Nisamehe. Wakati huohuo, sijui kwa nini, kila nikiamka nina hamu ya kukimbia barazani kuangalia. Je, mizizi hutoka kwenye kovu lenyewe au pembeni yake? Wewe ulijua, na sikuwahi kukuuliza.

Leo hakuna jani bado. Lado ameketi upande ule wa kopo, mimi upande huu, tunalindana asije mtu akashika kikombe. Mikono yetu tumeikalia.

Pumzika, Mama.

Mke wa Lado, binti yako