Pole na Kazi Ndani ya Kifuniko

Mutiso, kaka yangu,

Leo Ijumaa, karakana imefungwa, nami nimechoka hata usingizi unanishinda. Nimekaa kitandani hapa kambini Sanaiya, eneo la viwanda la hawa Waarabu. Kitanda chako amepewa Mganda mmoja mpole, asiyekoroma. Sikudhani nitaikumbuka mikoromo yako.

Foromani kaleta bunduki ya misumari, skrubu zako zimebaki kwenye kopo. Masanduku yanatoka mbiombio: pampu, vali, jenereta, vyote tunavivisha plaiwudi na kuvipeleka bandarini. Mbao nzima hatuzigusi sana, maana zinataka kupitishwa kwenye joto na kupigwa muhuri kwamba hazina wadudu. Plaiwudi haina usumbufu huo. Wewe uliipenda kwa sababu nyingine. Ulisema tabaka zake zimelazwa moja hivi, moja hivi, ndiyo maana haipasuki ovyo, kama sisi wa chumba hiki, Mkamba, Mbondei na Wanepali, na gundi yetu ni joto. Joto bado lipo. Wa kunichekesha ndiye hayupo.

Unakumbuka siku yako ya kwanza? Nilikupita umeinamia msumeno, nikakwambia kama tunavyosema kwetu Muheza, "Pole na kazi." Ukazima mashine. "Pole ya nini? Kwani nani amekufa?" Nikakueleza kwamba kwetu pole si ya msiba tu, ni salamu ya mtu anayetoka jasho, na jibu lake ni "Nishapoa." Ukasema sisi Watanzania tutampa pole hata jua. Lakini neno ulilipenda. Tangu hapo kila sanduku ulilofunga uliliandika kwa penseli, ndani ya kifuniko: Pole na kazi. Nikakuuliza Mkorea atakayelipokea sanduku atalisomaje neno hilo. "Beka, hata yule wa kufungua anatoka jasho."

Kisha ukalala, hukuamka. Karatasi ya kampuni inasema moyo.

Watu wa mizigo walitaka jeneza livishwe sanduku kabla ya kupanda ndege. Foromani alitaka kumpa kazi hiyo mtu mwingine, nikakataa. Nikaitoa ile plaiwudi nene uliyoificha nyuma ya kompresa ukingojea kazi ya maana. Nilifunga kwa skrubu, nduguyo asije akajichoma msumari akifungua. Nilipokigeuza kifuniko, mkono ukaandika wenyewe. Sikufikiri, Mutiso. Nilisahau kwamba sanduku linakwenda Machakos, si Muheza.

Mdogo wako Kioko alinipigia. Alifungua mwenyewe, akasoma, akamsomea mama. Tangu siku hiyo mama hataki kusikia habari za moyo. "Bro, hii pole ni ya nini? Kwani ni kazi ilimuua?" Nikamwambia ni salamu tu, salamu ya kwetu. Akasema sawa. Bado ananipigia. Hilo halirudii tena, ananiuliza tu kama ulikuwa unakula vizuri, kama ulikuwa unapata kulala.

Inaniuma, kwa sababu ni salamu kweli, na alichokisoma Kioko nacho si uongo. Ulisema kifua kinakubana. Ulimwomba foromani ukapumzike, akakujibu, "Yalla, kontena linasubiri, maliza hili ukalale." Ukalimaliza. Mimi ndiye niliyeshika upande wa pili wa kifuniko, nikakuona unavyohema. Karatasi inasema moyo ulisimama. Haisemi ulisimama umechoka.

Likizo yangu imekubaliwa. Sianzii Muheza. Nitashuka Nairobi, niende Machakos, nikae mbele ya mama yako nimweleze yote mawili: salamu yetu, na siku ile ya kontena. Nakuahidi. Akinifukuza, anifukuze, lakini ajue. Kioko anasema mbao zile nyingine wamejengea banda la kuku, ila kifuniko mama amekataa kisiguswe. Amekiegemeza ukutani jikoni, maandishi yakitazama anapokaa.

Kwa heri, kaka. Pole na kazi. Ila safari hii usinijibu kwamba umeshapoa. Ngoja kwanza nifike kwa mama.

Wako,
Beka