Unga wa Wageni

Ijumaa, Novemba. Mjini Baraka.

Mvua inanyesha tangu alfajiri na barabara ya kwenda kijijini Lweba imekuwa matope matupu, kwa hiyo leo siendi popote. Heri. Sina uso wa kwenda nao.

Saa tatu asubuhi nimefungua vichupa viwili nilivyovifunga jana. Mnaofuata ukurasa huu mmenivumilia mwaka mzima nikihubiri habari za vichupa hivi, lakini kwa aliyeingia leo nitaeleza tena. Unatia unga kidogo wa muhogo na maji, unaweka karatasi ya njano ndani, unafunga, unasubiri siku nzima. Muhogo mchungu una sumu, sianidi. Ukilowekwa siku tatu au nne, sumu hutoka na karatasi hubaki njano. Usipolowekwa vya kutosha, karatasi hugeuka kahawia.

Karatasi ya kwanza imebaki njano. Ya pili ni kahawia iliyokolea, sijapata kuona kahawia ya namna hiyo tangu nianze utafiti.

Unga wote umetoka katika nyumba moja, ya mama mdogo Riziki.

Mama mdogo ndiye aliyenilea miaka ile mama yangu alipokuwa mgonjwa. Nilipokubaliwa kusomea shahada ya pili ya kemia ya mazingira kule Bukavu, alizunguka kwa majirani wote kutangaza, ingawa nina hakika hadi leo anadhani nasomea udaktari wa watu. Nilipoichagua Lweba kwa utafiti wangu, yeye ndiye aliyenipitisha nyumba kwa nyumba. Akifika mlangoni anasema, "Mupatie mutoto wangu unga, anapima mihogo yetu." Na kila mama aliingia ndani akatoka na unga umefungwa vizuri kwenye mfuko, mweupe, laini. Niliupiga picha.

Karatasi zangu zilibaki njano, isipokuwa za nyumba mbili. Zote mbili ni za wakimbizi wa Burundi wanaolima pembezoni mwa kijiji. Kwenye tasnifu niliandika kwamba labda familia hizo hazijazoea muhogo mchungu, nikaendelea na mambo mengine. Profesa wangu alisema ni kazi safi.

Mwezi wa tano niliomba dakika tano baada ya ibada niwaeleze wanawake matokeo. Muuguzi wa kituo cha afya alikuwa akiwasumbua siku nyingi, loweka siku tatu, loweka siku tatu, nao walikuwa wamemchoka. Nikasimama mbele na karatasi zangu za njano nikasema: unga wenu ni salama. Wakapiga vigelegele. Mama mdogo alilia kwa fahari, na mimi nikajiona mtu.

Mwezi wa nane aliamka asubuhi, miguu ikamkataa.

Hakuwa na homa wala hakuanguka. Miguu ilikakamaa tu. Sasa anatembea kwa ncha za vidole, magoti yanagongana, fimbo mkono huu na fimbo mkono ule. Muuguzi alinipigia simu akasema ni konzo, ugonjwa wa sumu ya muhogo, na ukishampata mtu miguu hairudi kama zamani. Nilimbishia. Nilimbishia kwa Kifaransa, tena na namba zangu mkononi, kwamba unga wa nyumba ile niliupima mwenyewe, atafute ugonjwa mwingine. Akasema tu sawa, mademoiselle.

Jumatano hii ndipo nikapata nafasi ya kwenda kumwona. Niliingia jikoni kumsaidia Furaha, binti yake, kusonga ugali. Nikachota unga kwenye gunia lililokuwa nyuma ya mlango. Furaha, ambaye huniita yaya, yaani dada mkubwa, akanishika mkono.

"Hapana, yaya. Ile iko ya kwetu. Ya bageni iko mu ndoo."

Akafunua ndoo yenye kifuniko. Ndani mlikuwa na unga mweupe, laini, ule ule niliopewa kupima. Nikamuuliza tofauti ni nini, naye akanieleza kama anavyoelezwa mtu wa mjini aliyesahau mambo.

"Ya mu ndoo tunalowekaka hapa nyumbani, kidogo kidogo, siku ine. Ile ingine tunalowekaka kule mu muto, siku moja tu. Ukiacha siku mingi, banaiba yote."

Nikamuuliza ni upi walionipa wakati ule.

"Si ya bageni?" akasema, akashangaa kweli. "Sasa wewe unakuja mugeni, tukupatie unga mubaya?"

Ndivyo walivyofanya wote. Hakuna mwanamke kwetu atakayemfungulia mgeni gunia la nyuma ya mlango. Wala hawakunidanganya. Walidhani napima mihogo yenyewe, ile ya shambani, si namna ya kuiloweka. Na kama ni hivyo, kwa nini wasinipe iliyo nzuri? Ni wale Warundi wa nyumba mbili tu waliokuwa na gunia moja na hawana ndoo ya wageni. Wao tu ndio walionipa walichokula, nami nikaandika kwamba hawajui kuloweka.

Profesa ni mtu wa mbali, angesamehewa. Mimi nimekulia katika nyumba zile. Nilipokuwa mtoto nilikula ugali wa gunia, na pasta alipotutembelea tulisubiri mlangoni atubakizie ule mweupe. Nilijua. Nilirudi na glavu na fomu, nikajifanya sijui.

Methali inasema mgeni njoo mwenyeji apone. Nilienda mimi, na mama mdogo akazidi kula unga wa gunia kwa moyo mweupe, kwa sababu mtoto wake msomi alimwambia hauna neno. Na kiangazi kile ndakala, dagaa wetu wa ziwani ambao huusaidia mwili kuitoa sumu, walikuwa wachache. Furaha ananiambia waliopatikana mama yake aliwaachia watoto, yeye akala ugali na sombe, majani ya muhogo.

Nimemwandikia profesa saa nne. Amejibu haraka: vipimo ni sahihi kwa unga uliopimwa, weka sentensi moja kwenye sehemu ya mapungufu, utetee tasnifu mwezi ujao kama ilivyopangwa, haya mengine tutayaangalia baadaye. Si mtu mbaya. Anajua nikikusanya unga upya naanza mwaka mwingine, na anajua nimechoka.

Nakiri hapa, maana nikikiri mahali pengine nitapunguza: niliiandika ile sentensi. Ilinichukua kama saa nzima. Ilikuwa sentensi nzuri ya Kifaransa, na ukiisoma huoni mtu yeyote ndani yake mwenye fimbo mbili.

Nimeifuta. Halafu nikampigia mama mdogo.

Nilimweleza yote, karatasi ya njano ya unga wa ndoo na karatasi ya kahawia ya unga wa gunia. Nilimwambia nilisema kanisani jambo ambalo sikulijua.

"Kumbe ni chakula," akasema. "Haiko muntu alinifunga miguu."

Sikujua kwamba miezi hii yote alikuwa akishuku kwamba amerogwa na jirani yake wa upande wa mtoni, mwanamke waliyesali naye miaka na miaka. Wameacha kusalimiana. Hilo nalo ni langu, liongezwe kwenye hesabu.

Nikaanza kulia, kwa sauti, jambo ambalo mwanamke wa umri wangu hapaswi kumfanyia mgonjwa. Akaniambia ninyamaze. Akasema sikumkosea, mgeni hapewi unga mbaya, na hata leo nikienda atanipa wa ndoo. Sijui kama alitaka kunifariji. Iliniuma kuliko kama angenitukana.

Kisha akauliza kama Jumapili nitawaambia wanawake. Nikasema ndiyo, nitasimama pale pale niliposimama mwezi wa tano.

"Basi munibebe mupaka kanisa. Bakiniona batasikia."

Nilitaka kukataa. Tangu augue hajatoka nje ya ua wake. Anaona haya kuonekana anatembea vile, huwa anaingia ndani mgeni akipita njiani. Na sasa anataka kukaa mbele ya kanisa zima ili watu waitazame miguu yake, kwa sababu maneno yangu safari hii yanaweza yasitoshe.

Nimemwambia ndiyo.

Mvua bado. Karatasi mbili ziko mezani na simu imezimika. Nimekaa najiuliza kama nimekubali kwa ajili ya wale wanawake, au ni kwamba naogopa kusimama peke yangu.